Pointi Kumi za Kidole Tumbo, kwa Kuteremka

Mwaka 1986 daktari mpasuaji Alfredo Alvarado alichapisha hesabu yake. Alikuwa amepitia habari za wagonjwa 305 waliolazwa Philadelphia kwa maumivu ya tumbo yaliyofanana na apandisiti, yaani uvimbe wa kidole tumbo, akachuja dalili nane na kuzigawia pointi kumi. Ilikuwa miaka 100 kamili tangu Reginald Fitz wa Boston aupe ugonjwa huo jina ulilo nalo. Karne nzima ya visu, ndipo mtu akakumbuka kuleta kalamu.

Masako, huku kwetu, haifanani na Philadelphia hata kidogo. Iko kama kilomita 15 kutoka Kisangani, Kongo, kwenye barabara ya zamani ya Buta, pale mto Tshopo unapopinda na kuuzunguka msitu wa hifadhi wa hekta 2,105. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamefanya kazi humo miaka na miaka: wamehesabu miti, wamenasa panya, wamewapima uzito, mkia na masikio. Panya wa Masako ana faili. Mama wa njia hiyo hiyo anayeshika tumbo saa nane za usiku, faili lake ni daftari la shule lililokatwa katikati, kurasa za mwanzo zina hesabu za mtoto.

Basi tuziteremke dalili za Alvarado, kuanzia ile inayotufaa kidogo kabisa huku pembeni mwa msitu hadi ile ambayo bila yake hakuna mazungumzo. Mpangilio ni wangu, Alvarado asilaumiwe.

8. Nyutrofili kupita asilimia 75 (pointi 1)

Hapa mtu wa maabara anatakiwa apake damu kwenye kioo, aikaushe, aitie rangi, kisha ahesabu chembe nyeupe mia moja, moja baada ya nyingine, akizitenga kwa aina. Usiku. Kwa tochi ya simu yenye chaji asilimia sita.

Mwaka 1994 Kalan na wenzake huko Uingereza waliichapisha hesabu iliyoiacha dalili hii, ikabaki na pointi tisa. Ndiyo hiyo waliyoijaribu madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, katika utafiti uliotoka mwaka 2011. Kama Uingereza yenye umeme wa uhakika waliona waupunguze mzigo huu, Masako nani aone haya?

7. Kukosa hamu ya kula (pointi 1)

Ni dalili nzuri, ila ina marafiki wengi: malaria, minyoo, mapenzi, deni. Njia ya kuichuja ni kutaja chakula chenyewe. Usimwulize mtoto kama ana njaa. Mwulize kama angepewa liboke ya samaki (samaki wa kufungwa majani) na makemba (ndizi) ya kukaanga sasa hivi angekula. Akijibu "iko wapi?", apandisiti imeshapoteza kesi nusu. Alvarado alikubali pia asetoni kwenye mkojo ihesabiwe mahali pa dalili hii, maana mwili usiolishwa hujisema wenyewe hata kama mwenyewe anajikaza.

Na kwa kuwa tumefika mezani: Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960 na ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, alishikilia kwamba ugonjwa huu ni adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu chakula chao kina nyuzinyuzi nyingi. Kwa nadharia hiyo, kijiji kinachokula pondu (kisamvu) na lituma (ndizi za kupondwa) kila siku kilitakiwa kiwe kimesamehewa. Nadharia inabishaniwa hadi leo, na kidole tumbo hakijawahi kuisoma. Mbegu za pilipili nazo husingiziwa mno. Mara nyingi kinachoziba mdomo wa kile kiutumbo ni kijiwe cha kinyesi kilichokauka, au tezi zake zenyewe zilizovimba. Pilipili mnaweza kuendelea nayo.

6. Joto kuanzia 37.3 (pointi 1)

Nyuzi 37.3! Kisangani adhuhuri, chini ya bati, hata mtu aliyekuja kumsindikiza mgonjwa atapata pointi.

Tufanye mzaha tukijua kwamba hapa ndipo watu wanapopotelea. Homa ya kidole tumbo kwa kawaida ni ndogo mwanzoni. Ikiruka hadi 40 mapema, fikiria malaria au kitu kingine. Ikiruka baada ya siku mbili tatu za maumivu, fikiria kwamba kimepasuka. Kisha vipimo vya malaria vinarudi na jibu la "ndiyo", watu wote wanashusha pumzi, dawa zinatolewa, mgonjwa anarudi nyumbani. Lakini katika eneo ambalo wengi hutembea na vijidudu vya malaria bila kuugua, jibu la "ndiyo" linasema tu kwamba vijidudu vimo ndani ya damu. Halisemi kwamba ndivyo vinavyouma upande wa kulia wa tumbo. Mtu mmoja anaweza kuwa na malaria na apandisiti siku moja, na wala magonjwa hayo hayaombani ruhusa.

5. Kichefuchefu au kutapika (pointi 1)

Swali moja tu: kipi kilitangulia? Kwenye apandisiti maumivu hutangulia, matapishi hufuata. Aliyetapika mara sita kwanza, akaharisha, ndipo tumbo likaanza kukata, mwulize alikula nini kwenye matanga. Hesabu ya Alvarado haiulizi utaratibu huu. Wewe uliza.

4. Chembe nyeupe zaidi ya 10,000 (pointi 2)

Pointi mbili! Dalili mbili tu kati ya nane ndizo zilizopewa heshima hiyo, na hii mojawapo inakaa maabara. Tuifungue maana ina mambo.

Mahali pasipo na mashine, kazi hufanyika hivi. Damu kidogo inachanganywa na maji ya Türk, mara ishirini. Tindikali iliyomo inapasua chembe nyekundu zote, na rangi inatia zambarau viini vya zile nyeupe zilizobaki. Tone moja linaingizwa kwenye kioo cha Neubauer, ambacho kimechorwa miraba kama daftari la hesabu. Mtu anainama kwenye darubini, anahesabu chembe zilizomo kwenye miraba minne mikubwa ya pembeni, halafu anazidisha kwa 50. Kwa hiyo ile elfu kumi ya kutisha ni chembe 200 tu alizoziona kwa jicho lake. Akihesabu 201, mgonjwa anapata pointi mbili. Akihesabu 199, sifuri. Jongoo mmoja akipita mezani wakati huo, hatima ya mtu imebadilika.

Halafu mpaka wenyewe. Elfu kumi iliwekwa kwa kutazama watu wa Philadelphia. Waafrika wengi, hasa wa maeneo yaliyozoeana na malaria tangu enzi za mababu, huwa na nyutrofili chache zaidi hata wakiwa wazima wa afya. Ni jambo la kurithi, linalofungamana na kukosa alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu. Mtu ambaye kawaida yake ni 3,800 akifika 9,000, mwili wake unapiga yowe. Karatasi ya pointi inaandika: sifuri, hana neno.

Na bado hatujaitaja homa ya matumbo. Taifoidi ikitoboa utumbo, na hutoboa karibu na hapo hapo upande wa kulia, chembe nyeupe zinaweza kuwa za kawaida au hata zimeshuka. Mgonjwa mwenye hali mbaya kuliko wote wodini ndiye anayepata pointi chache. Mjamzito naye ni kinyume: chembe zake hupanda zenyewe bila ugonjwa wowote, kwa hiyo anapewa pointi mbili za bure kwa kosa la kubeba mimba.

Ndiyo maana nimeiweka ya nne. Ingekuwa na mdomo ingelalamika.

3. Maumivu yaliyohama (pointi 1)

Yanaanza kati, kwenye kitovu au juu yake kidogo, yasiyoeleweka, ya kujikunja tu. Baada ya saa kadhaa yanahamia chini kulia na kutulia pale. Sababu ni kwamba kidole tumbo chenyewe kina neva zinazoingia kwenye uti wa mgongo mlango mmoja na zile za kitovu, na ubongo hauwezi kuzitofautisha. Uvimbe ukishagusa utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, ambao una neva zake zenye anwani kamili, ndipo mtu anaweza kuonyesha kwa kidole.

Pointi moja, bila vifaa, bila mafuta ya jenereta. Gharama yake ni subira:

— Mama, tumbo inakuluma wapi?

— Yote, munganga.

— Ilianzia wapi?

— Kwa nyumba.

— Hapana, mama. Pa kwanza kabisa, ndani ya tumbo, ilikuwa wapi?

— Aa! Pa kwanza ilikuwa hapa. (Kitovu.) Jana, wakati wa kurudi shambani.

— Na leo?

Hasemi. Mkono umeshateremka wenyewe, upande wa kulia.

Angalia ambacho munganga (daktari) hakukifanya: hakusema "ilianzia kwenye kitovu, sivyo?" Mgonjwa wetu ana adabu. Ukimwuliza hivyo atakubali, kama ambavyo angekubali lilianzia kwenye sikio, ili tu asikuaibishe mbele ya watu. Pointi iliyotolewa kwa heshima ya mkubwa si pointi.

Watoto wadogo hawawezi kusimulia safari hii, na wengine maumivu yao hayahami kabisa kwa sababu kidole tumbo kimelala nyuma ya utumbo mpana au kimening'inia kwenye nyonga. Kukosekana kwa dalili hii hakumwachii mtu huru.

2. Maumivu ya kuachia (pointi 1)

Kitabu kinasema: bonyeza polepole, kisha ondoa mkono ghafla, mgonjwa akiruka wakati wa kuondoa, utando wa tumbo umewaka. Ni kipimo cha kweli na ni ukatili kidogo. Wapo wanaopendelea kumwambia mgonjwa akohoe, au asimame kwa vidole vya miguu kisha ajiangushe kwenye visigino. Akikunja uso na kushika kulia, umepata jibu na bado ni rafiki yako.

Ila barabara ya zamani ya Buta ina kipimo chake, na sayansi imeshakitambua. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu matuta ya barabarani. Waliwauliza wagonjwa walioshukiwa apandisiti kama maumivu yalizidi gari lilipopita kwenye tuta. Watu 64 walikuwa wamepita kwenye matuta. Kati ya 34 waliothibitika kuwa na ugonjwa, 33 walisema ndiyo, yalizidi. Yaani asilimia 97. Imezipita dalili nyingi zilizozeekea vitabuni!

Kasoro ni moja: wengi wasio na ugonjwa nao walisema yalizidi. Kipimo hiki kinajua kusema "huna" kuliko "unalo". Aliyepita juu ya matuta akiwa anapiga soga, kidole tumbo chake kina uwezekano mkubwa kuwa salama.

Sasa hamishia kwetu. Wao Uingereza walilazimika kutafuta tuta. Kwetu, mgonjwa aliyeketi nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, kutoka Masako ameshapimwa mara nyingi kabla ya kuziona nyumba za kwanza za mji, na dereva wa baiskeli ana takwimu nyingi kuliko profesa. Tatizo ni kwamba kwenye mashimo yale hata mzima hupiga kelele. Kwa hiyo swali lisiwe "uliumia njiani?" Kila mtu aliumia njiani. Swali ni "uliumia wapi?" Anayetaja mgongo na makalio, mpe pole. Anayetaja sehemu moja tu, chini kulia, na aliyekuja akilishikilia tumbo kwa mikono miwili kila gurudumu liliposhuka, endelea na uchunguzi.

1. Maumivu ya kubonyezwa chini kulia (pointi 2)

Charles McBurney wa New York alilieleza eneo hili mwaka 1889: chora mstari kutoka kitovu hadi kwenye mfupa wa nyonga unaochomoza mbele, upande wa kulia. Theluthi mbili ya njia ukitokea kitovuni, hapo. Ncha ya kidole kimoja inatosha.

Kuna namna ya kulifikia. Pasha mikono joto kwanza, maana mkono wa baridi hukaza tumbo la mtu yeyote. Mgonjwa alale chali, magoti yamekunjwa. Anza mbali, juu kushoto, mahali ambapo huna shaka napo, huku ukimwuliza habari za watoto na bei ya makala (makaa) mjini. Utazame uso wake, tumbo usilitazame. Zunguka taratibu, mwisho ndipo ufike kulia. Hadithi ya makala ikikatika katikati ya sentensi, umefika. Ukibonyeza kushoto na yeye akasikia kulia, hiyo ni dalili ya Rovsing wa Denmark. Alvarado hakuipa kitu, lakini kipimo cha RIPASA kinaipa pointi mbili nzima.

RIPASA ni hesabu iliyotungwa na wapasuaji wa hospitali ya Brunei, ikachapishwa mwaka 2010, kwa sababu waliona ile ya Philadelphia haiwafai watu wa Asia. Inaangalia umri, jinsia, muda wa maumivu, mkojo. Pia inatoa pointi moja ya ziada kwa mgonjwa mwenye kitambulisho cha kigeni. Naam, kitambulisho. Huko huenda kilikuwa na mantiki yake. Ukiileta njia ya Buta itabidi kwanza kikao cha wazee kiamue nani mgeni, na hadi kikao kimalize kidole tumbo kitakuwa kimeshapasuka.

Pointi mbili za McBurney zina adui mmoja mkubwa, naye ni jinsia. Kwa mwanamke, pale pale chini kulia kuna jirani: ovari na mrija wa uzazi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kuwa hesabu ya Alvarado huwafaa wanaume vizuri na huwazidishia wanawake. Inawapa apandisiti wasiyo nayo. Utafiti wa Bugando ulihusu wagonjwa 127, wengi wao wanawake, wote walipasuliwa, na karibu theluthi moja ya vidole tumbo vilivyotolewa vilikuwa vizima kabisa. Kabla ya pointi yoyote, mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe mimba. Kijiti cha mkojo ni rahisi kuliko kila kitu kilichotajwa hapa, na mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka huweza kuua ndani ya saa chache, wakati apandisiti bado inajipanga.

Tumemaliza kuteremka, tujumlishe. Chini ya tano, Alvarado anasema si rahisi kuwa ndiyo. Tano na sita, mtu aangaliwe na kupimwa tena baada ya saa chache, kwa sababu ugonjwa huu hutembea na pointi hutembea nao. Saba na kuendelea, mpasuaji aitwe. Uchambuzi ule wa 2011 unasema ubora wa hesabu hii uko upande wa chini: ukikata kwenye tano, unaokosa kuwaona ni wachache mno. Kwenye saba haina uhakika wa kutosha kumpa mtu kisu peke yake.

Lakini toa maabara. Ondoa pointi mbili za chembe nyeupe na moja ya nyutrofili. Kumi imekuwa saba. Yaani mgonjwa wa kituo kisicho na darubini lazima awe na kila dalili iliyobaki, asikose hata moja, ndipo afikie mstari wa mpasuaji. Hata mfalme Edward VII wa Uingereza, aliyeahirishiwa kutawazwa Juni 1902 kwa sababu ya tumbo hili hili, sidhani kama angezikusanya zote.

Watu wengi hukosea hapo: wanaandika "4 kati ya 10" na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Si nne kati ya kumi. Ni nne kati ya saba, na tatu hazijulikani. Mgonjwa huyo anaweza kuwa nne, anaweza kuwa saba. Kisichopimwa kisiandikwe sifuri, kiachwe wazi, kipigwe mstari chini, na mtu asafirishwe akapimwe. Kwa kituo cha pembeni, mimi naona kazi ya pointi ni hiyo: kuamua nani apande pikipiki usiku huu na nani asubiri kukuche chini ya macho ya munganga. Nani apasuliwe, hilo litaamuliwa mjini.

Akisubiri, asipewe dawa ya kusafisha tumbo, na shangazi aliyekuja na bomba la enema ya tangawizi na pilipili ashukuriwe sana na kurudishwa nalo. Utumbo uliovimba ukisukumwa kwa nguvu huweza kupasuka. Dawa ya maumivu anaweza kupewa. Ile hofu ya zamani kwamba itaficha ugonjwa imeshapitwa na wakati.

Na barabara hata ikiwa mbovu namna gani, ina faida yake: mwishoni kuna mpasuaji. Leonid Rogozov, daktari pekee katika kituo cha Warusi huko Antaktika, alishikwa na kidole tumbo mwaka 1961, hapakuwa na njia ya kutoka, akajipasua mwenyewe akiwa nusu amekaa, mwenzake ameshika kioo. Sisi tuna toleka. Kwenye barua ya rufaa iandikwe dalili moja moja, zilizopimwa na zisizopimwa, saa maumivu yalipoanza, saa ya kila uchunguzi, na mara ya mwisho mgonjwa alikula saa ngapi, hata kama ilikuwa liboke.